Rangi Haizai

Habari kwamba binti yangu ametia sumu majini nilizipata nikiwa nimepiga magoti kwenye shamba la muhogo la mtu, nikimwonyesha miche ya kung'oa kabla ugonjwa wa batobato haujamaliza shamba zima. Mwenye shamba alinisikiliza vizuri, akang'oa mche mmoja, halafu akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Lakini mama, wewe kwanza si urudi nyumbani? Wanasema bwawa yote imekuwa kijani. Wanasema ni rangi ya Hajara."

Nilipanda baiskeli. Mimi ndiye bibi shamba wa Koboko. Nina diploma ya kilimo niliyoisomea Kenya, na nina baiskeli ya serikali isiyo na breki. Siku ile sikuzihitaji breki.

Bwawa lenyewe ni shimo la kuchimbia marramu lililoachwa na watu waliotengeneza barabara ya kwenda Oraba. Mvua zililijaza, na toka hapo halijakauka. Wanawake hufulia hapo, ng'ombe hunywa upande wa pili, na wasukaji wa mtaa wetu husuuzia ukindu wao kwenye mawe ya ukingoni. Nilipofika sikuona maji. Niliona kitu kama zulia la kijani, kutoka mawe hadi mawe, limetulia, na bata wawili wakipita katikati yake wakiacha njia nyeusi nyuma yao. Njia ikajifunga taratibu.

Hapo hapo nilijua. Rangi haijifungi hivyo. Lakini wasukaji wote walikuwa wamesimama ukingoni, na mbele yao Haboba Kaltumu, mikono kiunoni. Haboba kwetu Wanubi ni bibi, na Kaltumu ni haboba wa kila mtu, atake asitake.

"Mama Hajara," alisema, "wewe iko na macho. Maji iko kijani. Binti yako iko na rangi ya kijani. Sasa unataka nani akueleze?"

Rangi ya kijani kweli alikuwa nayo. Mwaka ule hata sukari tulikuwa tunaitafuta kwa kuulizana, sembuse rangi. Tahiru, mchumba wake, aliyekuwa utingo kwenye lori linalokwenda Oraba, alimletea kikopo cha unga wa kijani kutoka ng'ambo ya mpaka, Kaya. Wenzake walikuwa wakisuka kwa nyekundu iliyopauka na ukindu mweupe. Hajara akatoa tabaga yenye kijani cha kung'aa, na Koboko nzima ikaiona. Tabaga ni kawa zetu za kufunikia chakula. Kuna waliofurahi. Kuna waliosema, "Mm."

"Haboba, hii ni mimea," nilisema. "Ni majani. Yanaelea."

"Majani ya mti gani?"

"Si ya mti. Ni mmea mzima, mdogo."

Medina, msukaji kijana kuliko wote, alicheka. "Mmea mdogo kama chawa?"

Nilivua kitambaa changu cheupe cha kichwani, nikakichovya, nikakitoa. "Angalieni. Ingekuwa rangi, kitambaa kingekuwa kijani. Kiko cheupe. Kimeshikwa na punje tu."

"Rangi ya magendo," Kaltumu alisema. "Imeganda."

Wote wakaitikia, ndiyo, imeganda. Nikatazama kitambaa changu, nikawatazama wao. Nimefundisha wakulima wengi katika maisha yangu. Mkulima akikataa, mazao yake ndiyo yatakayomjibu. Hawa sikujua watajibiwa na nini.

Kisha Kaltumu akasema lile lililonifanya nisilale vizuri. Harusi ya Hajara ilikuwa baada ya Idd kubwa. Kwetu sisi, sahani za chakula zinapotoka nyumbani kwa bibi harusi kwenda kwa wakwe, kila sahani inafunikwa na tabaga mpya, na tabaga hizo husukwa na wanawake wa mtaa, wamekaa pamoja uani kwa mama yake. Hazinunuliwi. Mtu akipeleka sahani zilizofunikwa na tabaga za sokoni, wakwe wanakula, wanashukuru, halafu wanauliza kimyakimya: huyu binti hana watu?

"Hakuna mkono utasuka kwa Hajara," Kaltumu alisema, "mpaka maji iwe safi na mutu aseme nani alichafua."

Nyumbani nilimkuta Hajara jikoni, kikopo cha rangi kimefungwa ndani ya kanga kama kitu cha wizi.

"Ulimwaga?"

"Mama! Hata chembe. Naitumia kwa ncha ya kijiko. Ukindu nausuuza kwenye beseni hapa hapa uani, maana sitaki kupoteza hata ile inayotoka."

"Basi acha kulia."

"Silii. Ni vitunguu."

Hakukuwa na kitunguu ndani ya nyumba ile tangu wiki iliyopita. Baba yake ni askari, alikuwa kambini mbali, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Niliona njia fupi: serikali iseme. Kama ofisi ya kilimo ya Arua Hill ingetamka kwamba hili ni jani, nani angebisha? Nilijaza chupa ya sharubati maji na punje zile za kijani, nikaifunga kizibo kwa nguvu zangu zote ili isimwagike, nikapanda basi la asubuhi. Kondakta akasema mizigo midogo iwekwe mbele, juu ya kifuniko cha injini. Nikaweka. Mwanamke mwenye diploma, aliyefundishwa namna ya kusafirisha sampuli, akaweka mmea hai juu ya injini ya basi na kuuzibia pumzi. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na hasira.

Ofisini kilimani nilikaa barazani mpaka jua likahamia miguuni kwangu. Hatimaye nikaingizwa kwa Bwana Anguyo, mtu mnene mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alifungua chupa yangu, akanusa, akarudisha shingo nyuma, akamimina kidogo kwenye kisosi cha chai. Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, kinateleza.

"Mama," alisema kwa upole, "hii umepika."

"Ilikuwa mimea hai asubuhi."

"Sasa ni mchuzi. Mimi nitatambua mchuzi?"

"Utambue kwa maelezo. Jani dogo, linaelea, limeenea maji yote."

"Maji kijani ni maji kijani. Dawa yake naijua: mimina oili chafu ya gari. Kila kitu kinakufa."

"Na ng'ombe wanaokunywa hapo?"

Aliwaza kidogo. "Ng'ombe si idara yangu."

Nikashuka kilima nikijisemea maneno ambayo mama wa bibi harusi hapaswi kusema. Nilikwenda mtaa wa Oli kwa dada yangu kupata maji ya kunywa kabla ya basi la jioni. Kabla ya kufika kwake, mahali mto ulipoacha dimbwi nyuma ya nyumba, nikaona kijani kilekile. Dimbwi zima. Watoto walikuwa wamesimama ndani hadi magotini, na miguu yao ilipotoka ilikuwa imevaa soksi za kijani.

Nilichuma kiganja kimoja. Sasa nilihitaji kuona vizuri, maana jambo lenyewe lilikuwa limeanza kunikera hata mimi. Chuoni mwalimu alituonyesha jamii hii ya mimea kwenye tangi la samaki. Kuna mmoja wenye mizizi mingi na tumbo la zambarau. Kuna mwingine usio na mzizi kabisa, ni punje tupu. Na kuna huu wa katikati, wenye mzizi mmoja tu. Lakini macho yangu si yale ya chuoni, na punje yenyewe ni ndogo kuliko dengu.

Pale Oli kuna fundi saa anaitwa Lukumani. Hukaa barazani, kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni siku nzima, na akikitoa huacha alama ya duara kama jicho la bundi. Nilimwomba.

"Bibi shamba anatengeneza saa?"

"Natazama jani. Lete."

Nikakibana jichoni. Punje ikawa kubwa kama ukucha. Juu laini, kijani, inang'aa. Chini uzi mmoja mweupe unaning'inia, mmoja tu, una kofia ndogo nchani. Na ubavuni, kutoka kwenye mfuko kama wa kangaruu, jani changa linatoka nusu, bado limeshikana na mama yake. Lemna. Jina likaja lenyewe, na sauti ya mwalimu pia: huu hauna haja ya mbegu, unazaa ubavuni, ukiuacha kwenye jua mahali penye mbolea, kesho kutwa ni mara mbili. Bata hupenda. Hauna sumu.

"Nikopeshe hiki kioo," nilimwambia Lukumani.

"Ukipotea nacho, Arua nzima haitajua saa ngapi."

Nilivua saa yangu ya mkononi nikamwachia iwe rehani. Akaisikiliza sikioni. "Hii nayo inachelewa," alisema. Kama sikujua.

Kesho yake niliwakusanya wasukaji barazani kwa Kaltumu. Nilikuja na kopo la mimea hai, mdomo wazi, nilikuwa nimeshajifunza. Niliwaambia nilichokiona Oli: dimbwi zima la kijani, mbali na Koboko, mbali na kikopo cha Tahiru.

"Hajara si alikwenda Arua kwa mama yake mdogo?" Kaltumu aliuliza.

"Alikwenda mwezi wa Shaabani! Kula na kulala!"

"Basi alikwenda."

Nikahesabu pumzi. Nikampa Medina kioo. Akakibana, akainama juu ya kiganja changu, akakaa hivyo muda mrefu.

"Unaona nini?"

"Naona kope zangu."

Nikamsogezea kiganja. "Sasa?"

"Yee! Iko mkia!"

"Ni mzizi, mwanangu. Rangi ina mzizi?"

Wakagombea kioo. Mmoja aliona mzizi, mmoja aliona alama ya bahati yangu ya kiganjani, mmoja hakuona kitu lakini alisema ameona. Kaltumu alikuwa wa mwisho. Alitazama kwa makini, sitamsingizia, alitazama kuliko wote. Kisha akakirudisha kioo kwenye kiganja changu.

"Uzi," alisema. "Iko uzi ya ukindu. Rangi imeganda juu ya uzi ya ukindu. Sasa nimeona wazi zaidi kwamba ni Hajara."

Nadhani nilipiga kelele. Hajara, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ua maana hakukaribishwa kuingia, alisema, "Mama, taratibu."

"Sikiliza, Haboba," nilisema nilipoweza. "Rangi haizai. Tukubaliane hapo. Unga wa rangi ukiuweka majini kidogo, utabaki kidogo. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Mmea unazaa. Basi lete beseni lako, si langu. Teka maji ya kisima chako, si yangu. Tia punje hizi chache. Beseni likae kwako, ulilinde wewe. Hajara hatakanyaga hapa, mimi sitakanyaga hapa. Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala tuje wote. Zikiwa zilezile, ni rangi, na nitasimama sokoni niseme binti yangu alichafua maji. Zikiwa nyingi, ni mmea, na mnakuja kusuka."

Kaltumu alipenda sehemu ya sokoni. Alileta beseni la bati jeupe lenye maua mekundu, safi kama la mtoto mchanga. Hakutaka kuzigusa punje kwa mkono. Alichukua kata ya kibuyu anayotekea maji ya mbuzi, akazichota kutoka kwenye kopo langu, akagonga kata ukingoni mwa beseni mpaka zikaanguka, kisha akairudisha kata mahali pake, imetundikwa kwenye nusu pipa uani ambamo mbuzi wake hunywa. Nikatazama yote hayo, nikaridhika. Nikasema moyoni, Lemna, fanya kazi yako.

Siku zile nilikwenda mashambani na kuwagombeza watu wasio na hatia. Hajara alikaa uani peke yake, akisuka tabaga ya kwanza ya harusi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwetu. Tahiru alipita jioni moja, akauliza kwa woga kama airudishe rangi kule alikoitoa. Nikamwambia kwamba rangi haina kosa na yeye pia hana, ila akae mbali nisije nikabadili mawazo.

Ijumaa tulikwenda. Wanawake walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Habari ya kusimama sokoni ilikuwa imefika mbali. Kaltumu alikuwa amevaa gurbaba yake ya sikukuu. Alitupeleka chumbani, na pale juu ya mkeka nikaliona beseni, na juu ya beseni, imekaa vizuri, imeziba kila upenyo, tabaga kubwa nyekundu.

"Haboba. Umelifunika?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kama huwa anavaa nguo. "Beseni ya maji ndani ya nyumba yangu ikae wazi? Mimi ni nani, sina adabu? Tangu siku ile nimefunika. Mutu yeyote hajagusa."

Bila shaka. Katika nyumba ya Mnubi hata maji ya kunawa hufunikwa. Nilikulia humo. Tabaga yangu mwenyewe hufunika hata kisahani cha chumvi. Nilifikiria wezi, nilifikiria ujanja, nilifikiria maji ya kisima. Sikufikiria adabu.

Akainua tabaga. Punje zilikuwa zilezile, au pungufu. Zimepauka, njano kama mtu mwenye homa ya manjano, na nyingine zimezama.

"Rangi imetoka," Kaltumu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hukumu na hapendi kuisoma. "Kama nguo ya magendo. Ukifua, inatoka."

"Zimekosa jua!" nilisema. "Ni mmea, umeufungia gizani! Mfungie mtu gizani siku zote hizo uone atakuwa na rangi gani!"

"Mama Hajara, tulikubaliana."

"Hatukukubaliana giza!"

"Hukusema nuru."

Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonimaliza. Nilitoka uani nipate hewa. Wanawake wakanifuata, wengine wananionea huruma, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Hajara alikuwa nje ya ua, amejifunika mtandio mpaka machoni. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia jinsi nitakavyosimama sokoni.

Beberu wa Kaltumu alikuwa ameinamia nusu pipa lake. Akanywa, akainua kichwa kututazama. Mdomo wote ulikuwa kijani. Na ndevu zake, zilizokuwa nyeupe kama za imamu, zilikuwa kijani pia, zinadondosha.

Medina ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa.

Nililifikia pipa kabla ya wote. Zulia, ukingo hadi ukingo, limetulia, na pale beberu alipotoa mdomo njia nyeusi ikijifunga taratibu. Kata ya kibuyu ilikuwa imetundikwa ukingoni, na tumboni mwake punje kadhaa zimeganda, hai, kijani, kama siku ile alipochotea.

"Haboba," nilisema. Nilijitahidi sana sauti isipande. "Pipa hili nani huliosha?"

"Mimi."

"Hajara ameingia ua huu?"

Kaltumu alisogea, akachungulia. Akatia kidole, yeye ambaye hakutaka kugusa, akakitoa na punje tatu zimekaa juu ya ukucha wenye hina. Nikampa kioo cha Lukumani. Safari hii alikibana jichoni mwenyewe bila kufundishwa. Alitazama kidole chake, kisha kata, kisha pipa, kisha tena kidole.

"Iko moja inatoka kwa nyingine," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kama mutoto."

"Ndiyo, Haboba."

"Na mbuzi yangu anakunywa hii tangu lini?"

"Tangu ulipotundika kata. Mtazame. Anaonekana mgonjwa?"

Beberu alikuwa amerudi kwenye pipa. Mwanamke mmoja akauliza, basi bwawani iliingiaje? Nikamwambia: kwa miguu ya bata, kwa kwato, kwa ndoo, kwa chochote kinachotoka maji haya kikaenda maji yale, kama kata. Tutaikusanya kwa vikapu na kuitupia kuku na bata, na inayobaki ikaoze kwenye mashamba ya mboga. Nilieleza vizuri na kwa utaratibu. Nadhani hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wanatazama ndevu za beberu.

Nilingoja Kaltumu aseme. Nilitaka sentensi moja tu: nilikosea, Hajara hakuchafua. Nilistahili sentensi hiyo. Nilikuwa nimepika mimea juu ya injini, nimeacha saa yangu Oli, nimeitwa kila jina isipokuwa langu. Nilisimama mbele yake, nikangoja.

Aliosha kidole, akaosha kata, akaosha tena. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kuelekea nje ya ua:

"Hajara! Unasimama jua kwa nini, wewe bibi harusi? Ukindu yako umelowanisha?"

"Bado, Haboba."

"Basi lowanisha. Tunakuja baada ya alasiri. Na ile kijani ulete yote, usifiche. Ya katikati ya tabaga nasuka mimi, ninyi watoto mnasuka katikati kama kiota ya ndege."

"Haboba," nilianza, "kwanza ungesema..."

Hajara alikuwa ameshaingia uani. Alinishika kiwiko, akaminya kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mama," alisema akitabasamu kwa wote, meno yamefungwa, "nyamaza."

Walikuja baada ya alasiri, kama alivyosema. Ua wangu ulijaa mikeka na vicheko, na Medina aliigiza beberu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kaltumu alikaa mahali pazuri, penye kivuli, akasuka katikati ya tabaga ya kwanza kwa kijani cha Tahiru, mkono wake hautetemeki, mzuri kuliko mikono yetu yote. Alisema chai haina sukari. Alisema binti yangu ana mkono mwepesi. Alisema mengi.

Nilimimina chai na kungoja. Mpaka adhana ya magharibi nilikuwa bado nangoja.